Rangi ya kupima ya kupikia ukindu, baada ya miezi sita mimi na wifi yangu

Nianze na kanzu, maana kanzu ndiyo iliyonipeleka kwenye duka la rangi za kupima, zile za unga zinazouzwa kwa mizani.

Mteja wetu mmoja hapa Tanga alinunua msala wa ukili (ule mkanda unaosukwa kwa ukindu, majani ya mkindu), mwekundu na zambarau, kwa Sh 25,000 bila kuomba punguzo. Ijumaa ya pili akaurudisha. Alikuwa ametoka kutia udhu, akausimamia miguu bado inachuruzika maji, na aliposujudu na kunyanyuka magoti ya kanzu yake nyeupe yalikuwa na mabaka kama mtu aliyepigia magoti chini ya mzambarau msimu wa zambarau. Hakugomba. Aliikunjua kanzu mbele yetu, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko matusi. Tukamrudishia hela yake na ya dobi juu.

Alipoondoka tukaanza sisi. Wifi ni mke wa kaka yangu, na kazi hii tunaifanya pamoja mwaka wa 4 sasa: yeye anapika rangi na kusuka, mimi nashona, nauza na nanunua vifaa. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na wa kumtupia lawama. Mimi nikasema, "Wifi, hukuusuuza ukindu, ulikuwa na haraka ya kwenda kwenye kitchen party." Yeye akasema, "Na wewe wifi yangu umezidi kupenda vya bei rahisi, hizo rangi zako za vipakiti zinachuja kuliko kanga mbovu." Siku mbili tukawa tunapitishiana sindano kupitia watoto.

Vipakiti vyenyewe mnavijua: vya Sh 1,000, sokoni vimetundikwa pamoja na sabuni za vipande na wembe. Kimoja kinatosha vicha viwili vya ukindu. Tulikuwa tukivitumia tangu tuanze, na sitasema ni vibaya kwa kila kitu. Kwa pambo la kutundika ukutani havina neno. Kwa kitu kitakachokaliwa, kushikwa na mkono wenye jasho au kukanyagwa na mguu wenye maji, havifai.

Duka lililotuokoa liko Ngamiani, dogo, lile la kupanda vidato viwili na kuinama mlangoni. Wanauza vifaa vya watu wa batiki: nta, magadi, na rangi za unga zinazochotwa kwa kijiko na kupimwa kwenye mizani. Nilinunua robo kilo ya damu ya mzee kwa Sh 9,000 na vifungu vidogo vya zambarau, kijani, njano na nyeusi. Ukilinganisha na pakiti unaona ghali, ila kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinapika vicha vinne, na robo ile ya damu ya mzee hadi leo haijafika nusu.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Unga wa zambarau ulikuwa na rangi ya kijani inayong'aa, kama mgongo wa nzi mkubwa. Wifi akaufungua, akaufunga, akaniambia nimeibiwa. Nilikuwa tayari nimeshavaa baibui kurudi kugombana. Tone moja la maji likadondokea kwenye mfuko, ikatoka zambarau ya kukufanya upepese macho. Basi msiziamini rangi hizi zikiwa kavu. Na hapo ndipo kasoro kubwa ya duka: muuzaji haandiki majina ya rangi. Kila kitu anakifunga kwenye kimfuko cheupe, fundo moja, na ukifika nyumbani una vifundo vitano vinavyofanana. Safari ya pili alinipa nyeusi badala ya kijani, nikajua ukindu ulipokwisha kuingia sufuriani.

Kujua nani mwenye kosa, hatukutaka tena kubishana kwa maneno. Tulichukua kipande cha bafta nyeupe, tukakilowesha, tukasugulia ukindu wa kila rangi mara ishirini ukiwa umekwisha kukauka. Kisha tukaanika ukili juu ya bati wiki mbili, nusu yake imefunikwa na kipande cha ubao. Ukindu wa pakiti ulichafua bafta hata wifi alipousuuza maji matatu, kwa hiyo mimi nilikuwa na kosa. Ukindu wa rangi ya kupima, aliousuuza maji moja kama mazoea yake, nao ulichafua kidogo. Aliousuuza maji matatu ukaacha bafta nyeupe. Kwa hiyo na yeye alikuwa na kosa. Tulicheka mpaka kaka akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Kwa rangi moja moja: damu ya mzee ni mfalme, ilitoka juani kama ilivyoingia, au karibu na hivyo. Kijani nzuri. Zambarau haichuji tena kwenye nguo lakini jua linaipunguza, kwa hiyo mikoba ya zambarau siitundiki tena nje ya kibanda, naiweka ndani mteja aiulizie. Njano sikuipenda, ina ukijani fulani. Nyeusi ndiyo ya kuvumilia: ukiutoa ukindu baada ya nusu saa unapata rangi ya jivu lenye uzambarau. Wifi amegundua kuuacha sufuriani ulale humo mpaka asubuhi, moto umezimwa. Yeye huongeza gao la chumvi. Mimi chumvi sikuona inaleta tofauti, lakini siki vijiko viwili niliona: unga unayeyuka vizuri na hauachi madoa. Tumekubaliana kila mmoja atie chake.

Mama yake wifi, mtu wa Pangani, alituambia tunahangaika bure, zamani walipikia magome ya mkoko. Alituletea kidogo alichokuwa nacho. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, tulivu, na bafta haikuguswa kabisa. Lakini ilichemka kutwa nzima na gunia la mkaa likatikisika, na mikoko yenyewe siyo mti wa kwenda kubambua utakavyo. Manjano ya jikoni tuliyajaribu pia. Kwa siku chache za jua yalikuwa yameondoka.

Neno moja kwa wenye haraka. Rangi hizi si za chakula. Tumetenga sufuria yetu, ina shimo moja la rivet kwenye mkono ili mtu asiikosee, na haiingii jikoni. Makawa ya kufunikia chakula tunayasuka kwa ukindu mweupe mtupu, rangi tunaitia ukingoni kwa nje tu. Mkichota unga, fungeni pua kwa kitambaa na vaeni glavu. Wifi hakuvaa, akaenda arusini kwa mdogo wake na viganja vya zambarau, hina yote ya Sh 15,000 haikuonekana.

Yule mteja wa kanzu tulimpelekea msala mwingine mwezi wa pili yake, damu ya mzee na mweupe, bila malipo. Tulimpa na kipande cha bafta asugue mwenyewe. Hakusugua. Lakini mkewe alisugua, tulimwona.

Kwa rangi nawapa nne kwa tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya njano. Kwa duka tatu, mpaka atakaponunua kalamu. Mkienda, chukueni chupa zenu zenye vifuniko na mwandike majina palepale mbele yake, kila rangi inapotoka kwenye mizani. Fikeni kabla ya adhuhuri. Akishafunga kwa sala na chakula harudi mpaka saa tisa, na siku ya Ijumaa msijisumbue.