Nilinyimwa zamu ya darubini katika Bonde la Lamar

Majira ya baridi yaliyopita, kama si yale yaliyoyatangulia, nililipia safari ya siku moja ya kuangalia mbwa mwitu katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani. Kampuni iliyonipeleka sitaitaja, kwa kuwa sipendi kuitangaza hata kwa ubaya.

Wanaodhani kwamba safari ya namna hii ni wazimu wa watu wasiosikia baridi wamekosea. Theluji ndiyo inayowashusha kulungu wakubwa kutoka milimani, mbwa mwitu wakawafuata bondeni, na manyoya meusi hayana pa kujificha juu ya weupe ule. Tena barabara inayopita Lamar ndiyo pekee hifadhini inayopitika kwa magari ya kawaida mwaka mzima, kwa hiyo tulikuwa pale kabla ya mapambazuko.

Mbwa mwitu walionekana ng'ambo ya mto, mbali kiasi kwamba kwa macho matupu walikuwa nukta zinazosogea. Tulikuwa tumeahidiwa darubini kubwa kadhaa za miguu mitatu. Ikashushwa moja, kwa gari zima. Tulijipanga kwa ustaarabu. Zamu yangu ilipofika, mwongozaji alinishika bega, akanisogeza kando na kuniambia kwamba mimi natoka Afrika, simba nimewazoea, hivyo niwapishe wasiowahi kuona mnyama mkali. Aliyepewa nafasi yangu alikuwa mama mmoja kutoka Idaho, jimbo la jirani ambalo lina mbwa mwitu wake! Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, na Simba niliyemzoea utotoni ni ile timu ya Msimbazi.

Niliporuhusiwa hatimaye kuinamia darubini, vidole vikiwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, kundi lilikwisha kuingia msituni. Nilitazama miti. Naye, bila haya, akaniuliza kama nimefurahi.

Sitamnyima haki yake: kazi anaijua. Alitueleza vizuri jinsi mbwa mwitu walivyomalizwa hifadhini miaka ya 1920, kisha mwaka 1995 wakaletwa 14 kutoka Alberta, Kanada, na alituonyesha nyati wa kule wakifagia theluji kwa vichwa vyao ili wafikie nyasi. Chai yake pia ilikuwa ya moto. Kwa hayo nilikusudia kutoa nyota tatu, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoukumbuka mkono ule begani, na sasa naona hata moja ni sadaka. Bonde lenyewe ningelirudia kesho, kwa gari la kukodi na darubini yangu mwenyewe.

Baadaye kampuni iliniandikia kuomba maoni, nikawajibu kwa kirefu. Jibu halijaja hadi leo, ila matangazo ya safari za msimu ujao wananitumia bila kukosa.