Felti ya paa la 1966: kwa nini nilikarabati upenu badala ya kuvua paa zima

Nyumba yetu hapa Leicester ilijengwa mwaka 1966. Paa ni la vigae vya zege, na chini ya vigae, juu ya kenchi, kuna ile karatasi nyeusi ya lami ambayo mafundi wa Uingereza huiita felti. Kwetu Tanga nilizoea bati: likitoboka, tone lenyewe linakuonyesha mahali. Huku maji yakipenya kwenye kigae hushukia juu ya felti, yakateleza mpaka kwenye gata, na uliye ndani hujui lolote kwa miaka. Ndiyo maana alama ya unyevu ilipojitokeza juu ya dirisha la chumba cha watoto, pale ukuta unapokutana na dari, niliingiwa na hofu kweli.

Niliita mafundi watatu. Wawili walitazama paa wakiwa barabarani, wakasema felti imemaliza umri wake, paa lote livuliwe, zipigwe papi mpya (mbao nyembamba zinazobeba vigae) na itandikwe felti ya kisasa inayopitisha mvuke. Bei ya chini kati yao ilikuwa pauni 9,800. Wa tatu aliomba ngazi, akaingia darini na tochi, akakaa huko karibu saa nzima. Huyo ndiye niliyempa kazi.

Aliniita nipande nione mwenyewe. Felti za zamani kama yangu zina nyuzi za juti ndani, ukiitazama kwa chini ni kama gunia lililopakwa lami. Alinishika mkono nikaibonyeza katikati ya paa: imelegea kidogo kati ya kenchi na kenchi, lakini ni ngumu na kavu. Tukatambaa mpaka upenuni, ukingo wa chini wa paa. Pale ilimeguka vidoleni kama jani kavu la mgomba. Akanieleza kwamba ncha ya chini ndiyo inayochungulia nje kuelekea kwenye gata, kwa hiyo jua huipiga, na ikishalegea maji hutuama juu yake, ikaoza kabla ya sehemu nyingine zote. Maji yanayoteremka vizuri kutoka juu yakifika hapo hayana njia tena. Yanaingia nyuma ya ubao wa gata na kushuka ukutani. Ugonjwa wangu ulikuwa kwenye sentimita 30 za mwisho.

Alichonifundisha, na ambacho ningependa kila mwenye nyumba ya zamani akijue, ni kwamba felti haibadilishwi bila kuvua vigae. Kwa hiyo usianze kuuliza felti ina miaka mingapi. Uliza vigae na papi vina hali gani. Alichoma papi kwa bisibisi sehemu nyingi, akakagua misumari kama imeliwa na kutu. Papi zingekuwa laini, au vigae vingekuwa vinapasuka hovyo, angenishauri nivue paa lote mara moja, maana kulipia jukwaa la mafundi kusimamia mara mbili ni hasara kubwa. Zangu zilikuwa nzima.

Nililipa pauni 2,150, jukwaa mbele na nyuma likiwemo, na jukwaa ndilo lililokula fedha nyingi. Kazi ilichukua siku mbili. Walinyanyua safu tatu za chini za vigae, wakakata felti iliyooza, wakapachika trei za plastiki ngumu zenye urefu wa mita 1.5 kila moja. Trei inaingia chini ya felti iliyobaki, ile isiyooza, na mdomo wake unaning'inia ndani ya gata. Zingatia hilo la kuingia chini: ikiwekwa juu ya felti, maji yatapita kati na utakuwa hujatengeneza kitu.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo mafundi wale wawili wasingeligundua wakiwa barabarani. Misumari iliyotokeza darini ilikuwa na matone. Hayakuwa ya mvua. Felti ya lami haipitishi mvuke, na mimi nilipoongeza pamba ya kuzuia baridi mpaka milimita 270 niliisukuma hadi upenuni, nikaziba njia ya hewa. Mvuke wa bafu na jikoni ulikuwa ukipanda na kugeuka maji usiku wa baridi. Tuliivuta pamba nyuma, tukaacha upenyo wa hewa mbele na nyuma.

Malalamiko yangu ni madogo. Mvua iliwachelewesha wiki tatu, na waliacha vipande vya vigae kwenye gata. Nilipiga simu, wakaja kusafisha.

Kama una popo darini, simama kwanza. Wanalindwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981, na felti za kisasa zina nyuzi zinazowanasa. Na akija mtu mlangoni kwako akitaka kupulizia povu chini ya vigae ili "kuokoa" felti, mkatalie. Povu linafunga unyevu kwenye mbao, linaficha uozo, na wakopeshaji wengine hukataa kabisa kukopesha kwa nyumba yenye paa la namna hiyo. Jirani yetu mmoja, mama mzee anayeishi peke yake, alikuwa karibu kutia saini. Namshukuru Mungu alituuliza.

Vipupwe viwili vimepita. Ukuta ulikauka, nikaupaka rangi mwezi wa tano, na alama haijarudi. Kuna mpasuko wa kiganja kimoja karibu na bomba la choo linalotokeza juu ya paa, ambao fundi aliuwekea kiraka kwa kukitelezesha chini ya felti ya juu. Huo ndio ninaoukagua kila baada ya mvua ya upepo, kwa tochi na kwa mkono, na mpaka jana ulikuwa mkavu.