Fundi wa bomba la tangi langu la samaki, Kampala

Tangi langu la lita 200 liko sebuleni Ntinda, nafuga furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao hapa tunawaita nkejje. Pampu hurudisha maji juu kutoka tangi la kuchujia lililo chini yake. Mwaka jana umeme ulikatika usiku, maji yakashuka kupitia bomba hilohilo, asubuhi zulia limelowa chapachapa. Fundi wa kwanza alitegemea valvu ya kuzuia maji yasirudi. Ikakwama kwa uchafu.

Safari hii nilielekezwa fundi mwingine na muuza mabomba wa Nabugabo. Huyu namsifu. Alitoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji: maji yakifika hapo, hewa huingia na mvuto unaoyanyonya maji kurudi chini hukatika. Akazima pampu mbele yangu, tukangoja maji yanayorudi yatulie, akachora alama ya mwisho wa kujaza tangi la chini ili lisifurike. Kona tatu akazipunguza hadi moja, maji yakaja kwa nguvu! Karibu na pampu akaunga mpira laini, mtetemo ukaisha. Mama chumba cha pili analala vizuri.

Alichelewa saa mbili nzima, hilo sikulipenda. Wiki ijayo anarudi kufunga kiungio cha kufungulia pampu.