Kompyuta ya mezani: waya au Wi-Fi?
Intaneti ikikatika kila mara, wengi hukimbilia kumlaumu mtoa huduma. Kwanza chomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Ikitulia, tatizo ni Wi-Fi. Ikizidi kukatika, sasa mpigie simu.

Kwa nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, nachagua waya bila kusita. Ule wa Cat 5e, aina ya waya wa mtandao, hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Kazi ni kuupitisha milangoni, na hewa ya chumvi ikila vichwa vyake, vibadilishe.

Wi-Fi inafaa ruta ikiwa chumba kimoja na kompyuta. Tumia bendi (masafa ya mawimbi) ya 5 GHz: ina kasi, ingawa kuta huidhoofisha zaidi kuliko 2.4 GHz, ambako ruta za majirani hujazana.