Nimeuziwa betri mpya kumbe ni uchafu wa tamino

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa, leo naandika.

Gari langu liligoma asubuhi moja hapa Dodoma. Ukizungusha ufunguo, ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, basi. Jirani akanibusti, nikalipeleka gereji moja barabara ya Singida, nimeizoea. Fundi akafungua boneti, hata mita hakushika. "Dada, betri imekufa." Nikamwonyesha ule unga mweupe wenye ukijani uliojaa kwenye tamino, vile vibano vya nyaya vinavyoshika vichwa vya betri, nikauliza kama tatizo si huo. Akawageukia vijana wake: "Siku hizi wanawake wote mafundi." Wakacheka, mbele ya wateja wengine! Nikalipa zaidi ya laki mbili nikaondoka kimya. Hicho kimya ndicho kinaniuma mpaka leo.

Wiki chache baadaye natoka kazini Mtumba, giza linaingia, ta-ta-ta ileile. Na betri mpya! Akaja dereva mmoja mtu mzima, akashika tamino ya chanya, ikacheza kama jino la mtoto. "Mwanangu, betri yako nzima. Umeme haupiti hapa." Ilikuwa tamino ileile ya zamani, na unga wake, imepachikwa kwenye betri mpya bila hata kupigwa brashi. Akaikaza kwa spana namba 10, gari likawaka palepale. Hela nilipompa akakataa.

Akanielekeza, na Jumamosi nikafanya mwenyewe. Unafungua hasi kwanza, ndipo chanya. Wakati wa kurudisha unaanza na chanya. Nikavaa glovu, nikayeyusha magadi kwenye maji ya moto, magadi haya haya ya kupikia mlenda, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Povu likapanda, kwa sababu unga ule unaletwa na mvuke wa asidi ya betri, na magadi yanaiua asidi. Vifuniko vya betri hakikisha vimekaza, magadi yasiingie ndani. Nikasuuza, nikakausha vizuri, nikakaza, nikapaka grisi juu. Halijagoma tena. Gharama yake haifiki hata ya sahani ya chipsi.

Sasa nimtendee haki fundi: breki alinifungia vizuri, sikatai. Na betri ile ilikuwa na miaka mitatu hivi, huenda kweli ilishachoka. Nilitaka niandike kwamba nendeni, ila kazi ya umeme msimpe. Nikampigia kwanza, nikamwomba betri yangu ya zamani nikaipime.

"Dada, ile si nilishawauzia watu wa chuma chakavu."

Kwa ruhusa ya nani? Betri yangu, hela kala yeye, na senti hakunitajia! Hapana, msiende. Hata pancha msimpelekee. Jumatatu nipo pale mlangoni kabla hajafungua, nataka betri yangu au pesa yake, na safari hii sinyamazi.