De Doctrina Christiana ya Augustino: mapitio kwa anayepanda mimbarini

Anayetaka kitabu kimoja cha kumwonyesha jinsi Wakristo wa kale walivyoyasoma Maandiko na kuyahubiri, achukue hiki, na aanzie mwisho. De Doctrina Christiana (yaani Kuhusu Mafundisho ya Kikristo) ina vitabu vinne, ambavyo leo tungeviita sehemu. Vitatu vya kwanza vinafundisha kuyaelewa Maandiko, cha nne kinafundisha kuyasema yaliyoeleweka. Wanaoanza na cha kwanza hukwama mapema, kwenye tofauti ya vitu na ishara (maneno au vitu vinavyoashiria jambo jingine), na ya kufurahia na kutumia. Mhubiri aliyekwisha kuona katika cha nne kazi inayomsubiri atavirudia vile vitatu akijua anachokitafuta.

Augustino hakuokota balagha, yaani sanaa ya usemaji, njiani. Aliifundisha kwa mshahara Carthage, Roma na Milano kabla Ambrosi, askofu wa Milano, hajambatiza Pasaka ya mwaka 387. Kazi hii aliianza yapata 396, akiwa askofu mpya wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Akaiacha katikati ya kitabu cha tatu, alipofika kwenye mfano wa mwanamke na chachu, akaja kuimalizia yapata 426. Kwa hiyo kitabu cha nne ni sauti ya mzee aliyehubiri kwa zaidi ya miaka thelathini, na uzito huo unasikika.

Msingi wake ni wa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale: msemaji afundishe, apendeze, asukume. Kuna na mitindo mitatu, wa chini, wa kati na wa juu. Lakini tazama anavyougeuza. Kwa Cicero, jambo dogo husemwa kwa mtindo wa chini na jambo kubwa kwa mtindo wa juu. Augustino anaona kipimo hicho hakimfai mhubiri, kwa kuwa kanisani hakuna jambo dogo, hata kikombe cha maji baridi cha Mathayo 10:42. Mtindo basi unafuata lengo. Ukifundisha, sema kwa utulivu. Ukisifu au kukemea, pamba kwa kiasi. Ukimsukuma mtu kufanya jambo analojua lakini hataki, hapo ndipo panda juu. Wahubiri wengi hukosea hapa hasa: wanapiga kelele wakati watu bado hawajaelewa. Wasikilizaji wanachoka kabla hawajajua wanaombwa nini.

Mifano yake ni ya kufungua Biblia na kuifuatilia kwa kidole. Wagalatia 4:21-26, habari ya Hajiri na yule mwanamke huru, ni mtindo wa chini, kwa kuwa Paulo anaeleza na kujibu hoja. Warumi 12 ni wa kati. 2 Wakorintho 6:2-10 ni wa juu. Kwa Warumi 5:3-5 anaonyesha ngazi, yaani neno la mwisho la kipande kimoja kuwa la kwanza la kinachofuata. Ngazi hiyo haikupotea katika Kiswahili cha Union Version: dhiki inaleta saburi, "na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo; na kazi ya uthabiti wa moyo ni tumaini". Isome kwa sauti, pumzika kwenye kila nukta-mkato, na utasikia ngazi zikipandwa. Ila anapohesabu vipande vya sentensi za Kilatini, kimojakimoja, kisha kuvipanga viwiliviwili na vitatuvitatu, tafsiri yoyote inashindwa kumfuata. Kurasa hizo zipite haraka bila kujilaumu.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni aya chache kuhusu kueleweka. Katika Zaburi ya 139 (kwa hesabu ya Kilatini, 138) kuna neno "os", mfupa. Likitamkwa kwa irabu ndefu linakuwa "kinywa". Augustino anasema masikio ya Waafrika hayatofautishi irabu fupi na ndefu, basi afadhali mhubiri aseme "ossum", ambalo wasomi wanalicheka, kuliko kusema Kilatini safi kisichofika. Huyu ni mtu aliyelipwa miaka mingi kulinda usafi wa lugha hiyo hiyo. Anaendelea: kusanyiko lenye hamu ya kuelewa huonyesha kwa mwendo wake kama limeelewa. Mpaka ishara hiyo ionekane, ligeuze jambo upande huu na ule kwa maneno mengine. Ikishaonekana, funga au songa mbele, kwa sababu anayewafafanulia watu walichokwisha kuelewa anawachosha. Anaongeza onyo kwamba aliyekariri hotuba neno kwa neno hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa hana maneno mengine ya kugeuzia. Kwa wanaoshika karatasi tangu salamu hadi amina, aya hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kukisoma kitabu.

Kuhusu mtindo wa juu anatoa ushahidi kutoka Kaisaria ya Mauretania (leo Cherchell nchini Algeria), mji alioufikia mwaka 418. Kila mwaka raia, ndugu kwa ndugu, hata baba na wana, waligawanyika pande mbili wakapigana kwa mawe siku kadhaa mfululizo. Alipohubiri dhidi ya desturi hiyo, walimshangilia. Hakuridhika. Makofi, anasema, yalionyesha tu kwamba wamefundishwa na wamependezwa. Machozi yalipoanza ndipo aliposadiki kwamba wamesukumwa. Wakati wa kuandika ilikuwa imepita miaka minane au zaidi bila vita vile kurudi. Kipimo hiki kina faida kwa yeyote anayehesabu vigelegele kuwa mafanikio ya ibada.

Rudi sasa kwenye kitabu cha pili na cha tatu. Hapa ndipo penye vifaa vya kusomea. Kwa ishara zisizojulikana, dawa ni lugha. Mfano wake mzuri uko katika Hekima ya Sulemani 4:3. Neno la Kigiriki la vichipukizi linafanana na neno la ndama, na watafsiri fulani wa Kilatini wakaandika "vitulamina", kana kwamba ndama wanaota mizizi. Linganisha matoleo kadhaa, anashauri, na ukiweza rudi kwenye Kigiriki na Kiebrania.

Kwa ishara tata, utaratibu wake una hatua, na mpangilio una maana. Kwanza kagua vituo (mahali pa kupumzika katika sentensi) na matamshi. Pili, pima kwa kanuni ya imani iliyokusanywa kutoka mahali palipo wazi. Tatu, tazama maneno yanayotangulia na yanayofuata. Maana mbili zikibaki zote zinafaa, msomaji ana hiari. Mfano wake wa kwanza ni Yohana 1:1. Hati za siku zile hazikuwa na vituo vya kutegemewa, na waliokataa Uungu wa Neno walisoma "et deus erat" (na Mungu alikuwako), wakatua hapo, kisha wakaanza upya na "verbum hoc" (Neno hili). Kituo kimoja kikihama, fundisho lote linahama. Kiswahili kimeufunga mlango huo kwa sarufi. Neno ni la ngeli ya li-ya, na kwa kawaida tungesema "nalo Neno lilikuwa". Union Version inaandika "naye Neno alikuwa Mungu", upatanisho wa nafsi. Kiambishi kile kidogo kimeshafanya uamuzi wa kitheolojia kabla mhubiri hajafungua kinywa, na inafaa awaonyeshe waumini.

Kisha inakuja kanuni ya mafumbo: jambo lolote katika Neno la Mungu ambalo kwa maana yake ya wazi halielekei wema wa maisha wala ukweli wa imani, lichukuliwe kuwa fumbo, ulizungushe mpaka lifike kwenye upendo. Katika Warumi 12:20, kumlisha adui ni amri ya wazi, makaa ya moto kichwani ni fumbo la majuto yanayomchoma. Kanuni hii ina nguvu, na ndiyo udhaifu mkubwa wa kitabu. Inakuzuia kuhubiri chuki, lakini haikuambii ni ipi kati ya maana kumi za upendo aliyoikusudia mwandishi. Mhubiri mvivu ataitumia kukwepa kila mstari mgumu. Itumie baada ya zile hatua tatu.

Kasoro nyingine ni ndogo. Kanuni saba za Tyconius, aliyekuwa Mdonati (wa kundi la Wakristo wa Afrika lililojitenga), zinafunga kitabu cha tatu kwa uzito. Ya kwanza, ya Bwana na mwili wake, inatosha kwa usomaji wa mara ya kwanza. Anaitukuza pia Tafsiri ya Sabini, ile ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, kuliko Kiebrania ambacho hakukijua. Lakini anapoichambua Amosi 6:1-6 katika kitabu cha nne anatumia tafsiri ya Kilatini ya Jeromi iliyotoka Kiebrania, kwa kuwa ile ya Sabini mahali hapo ina giza zaidi. Ni vizuri kuona hapo mwalimu anafuata kile kinachoeleweka.

Matini ya Kilatini na tafsiri za zamani za Kiingereza zipo bure mtandaoni, kwa hiyo gharama ni muda. Ukikuta marejeo kama 4.10.24, namba ya kwanza ni kitabu, ya pili sura, ya tatu aya. Sura na aya zinahesabiwa kila moja kwa mfululizo wake tangu mwanzo wa kitabu husika, na matoleo mengine huandika mojawapo tu. Fuata aya. Anza na 4.10.24, nenda hadi 4.26.56, kisha rudi 3.1.1.