Violini ya seti ya bei nafuu: mbao nzuri, kazi haijaisha

Seti yenyewe wengi wanaijua kwa sura: violini ya ukubwa wa 4/4 (ukubwa kamili, wa mtu mzima), upinde, kipande cha rosini (ulimbo mgumu wa kupaka upinde) na sanduku lenye sponji, vyote kutoka China kwa bei moja. Kwa kikundi cha Tabora au Kigoma kinachotaka kuanzisha okestra, hii ndiyo inayofikika. Na si chombo kibovu. Ila kimetoka kiwandani kabla ya kumaliziwa, na umaliziaji huo ni juu ya mnunuzi.

Malalamiko ya kwanza huwa kwamba haitoi sauti. Ni kweli, haiwezi, kwa sababu nywele za upinde mpya hazijapata rosini hata chembe. Paruza kipande cha rosini kwa msasa laini mpaka mng'ao uishe, kisha pitisha upinde kwenda na kurudi mara 30 au zaidi. Mpiga zeze hahitaji kuelezwa haya, ulimbo anaujua tangu utoto.

Kazi kubwa iko kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Mara nyingi huja kimelazwa ili kisivunjike safarini. Kisimamishe miguu ikielekeana na vijikato vya ndani vya matundu mawili ya sauti, upande mfupi ukiwa chini ya uzi wa E, ule mwembamba kuliko wote. Halafu pima pale ubao wa vidole, ule mweusi unaobonyezewa nyuzi, unapoishia: milimita 3.5 hivi kutoka ubaoni hadi uzi wa E, 5.5 hadi uzi wa G, ule mnene kuliko wote. Daraja la kiwandani huwa refu kuliko hapo, maana linatarajiwa kupunguzwa na fundi. Likiachwa hivyo, mwanafunzi anabonyeza mpaka vidole vinachimbika, na uzi unaovutwa hivyo unapanda juu ya noti. Anaambiwa hana sikio, kumbe kosa ni la daraja. Punguza kwenye mgongo wa juu, kidogo kidogo, ukifuata mviringo wake.

Usilegeze nyuzi zote nne kwa mpigo. Ndani kuna kijiti kilichosimama bila gundi, kinashikiliwa na mgandamizo tu. Kikianguka, sauti inakuwa kama ya debe, na kukirudisha kupitia tundu la sauti ni kazi ya kutwa nzima.

Sasa hali ya hewa. Kigoma ziwa linasaidia, lakini Tabora kati ya Julai na Oktoba ni kukavu hasa. Vigingi vya kukazia nyuzi vinasinyaa na kuachia, ukirudi asubuhi unakuta nyuzi zote zimelegea. Zungusha kigingi huku ukikisukuma ndani. Kikizidi kuteleza, kipake chaki ya ubaoni. Masika vikivimba na kugoma, sabuni kavu ya mche inatosha. Ukingo wa kasha la violini ukiachia gundi, utaujua kwa kugonga kuzunguka na kifundo cha kidole: palipoachia panatoa sauti ya kupwaya. Usitie supagluu. Kiungo cha violini hugandishwa kwa gundi ya ngozi ili kiachie kabla mbao haijapasuka, na supagluu inahamishia ufa kwenye mbao.

Seti huja na nyuzi za chuma hafifu, na E ndiyo hukatika kwanza, aghalabu pale inapokata daraja. Sogeza kile kibomba kidogo cha plastiki kikae juu ya daraja, na paka risasi ya penseli kwenye mfereji wa daraja unamokaa uzi. Ng'ambo ya ziwa, Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, ya waumini wa kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa zamani, ilianza kwa vyombo vichache ambavyo wanafunzi walipokezana, na uzi ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Anayetaka kuwaiga ajue mipaka: waya mtupu unaweza kukaa mahali pa E tu. G imezungushiwa waya mwingine ili iwe nzito bila kukakamaa. Waya mtupu wa uzito huo ungekuwa mgumu kama msumari. Nunua seti mbili za nyuzi za akiba, na E nne.

Kinachoudhi kuliko vyote ni ubao wa vidole: mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi, nao huanza kuchimbika chini ya nyuzi. Mpingo wetu unavuka bahari kutengenezewa klarineti, sisi tunarudishiwa rangi! Seremala makini anaweza kuufanyia ubao mpya wa mpingo, mradi asiongeze unene, la sivyo vile vipimo vya daraja vinavurugika.

Kabla ya kulipa, tazama upinde kwa urefu kama unavyotazama mshale. Ukipinda pembeni, kataa. Kaza pia skrubu ya kutyuni ya uzi wa E mpaka mwisho, uangalie chini yake: kwenye baadhi ya seti kikono chake kinashuka hadi kuchubua kifua cha violini.